Bugali wa siku moja na nusu: uchambuzi wa kisa cha sumu ya muhogo Bukavu

Kisa hiki ni cha mfano, kimeundwa kwa kufundishia. Familia yenyewe haipo, lakini makosa yote yaliyomo hufanyika kweli, na hesabu zake ni za kweli.

Ni mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Bei ya unga sokoni imepanda, na mama mmoja wa Bagira, sehemu ya mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, ananunua mizizi mibichi ya muhogo mchungu iliyoletwa na gari kutoka Walungu. Anaimenya na kuiloweka Jumanne jioni ndani ya pipa. Alhamisi asubuhi anaitoa, kwa sababu maji ya bomba yamekatika na pipa linahitajika kwa kazi nyingine. Mizizi bado ni migumu. Anaikata vipande vyembamba, anaianika juu ya mabati, na jua kali la siku mbili linaikausha hadi inavunjika kwa mlio. Jumamosi alasiri inapelekwa kwenye mashine ya kusaga, na jioni hiyo hiyo familia inakula bugali kwa lengalenga (mchicha). Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, hazikununuliwa, pesa hazikutosha.

Saa tatu baada ya kula, mvulana wa miaka mitano anatapika, analalamika kizunguzungu, kisha miguu inamlegea. Dada yake wa miaka kumi na mmoja anatapika pia na kushika kichwa. Mama ana kichefuchefu. Baba anaumwa kichwa tu. Majirani wanajaa uani, na mmoja anauliza kwa sauti: «Mama, leo nani aliingia jikoni mwako?» Kabla mtoto hajafika kituo cha afya, neno karuho, sumu ya kulishwa na mtu, limekwisha kutajwa, pamoja na jina la mtu.

Tunaanzia hapo kwa sababu madhara ya swali hilo hayaishi usiku mmoja. Kuna watu wamefukuzwa mtaani kwa tuhuma za namna hii. Sumu ilikuwepo kweli, ila hakuna aliyeitia. Ilitengenezwa na muhogo wenyewe ulipokuwa shambani, na iliachwa ndani ya unga kwa sababu kazi moja ya seli haikupewa muda wa kumalizika.

Vyumba viwili vya seli moja

Seli ya mzizi wa muhogo, kama seli nyingine za mimea, ina ukuta mgumu kwa nje, utando laini kwa ndani ya ukuta, na katikati kifuko kikubwa cha maji kinachoitwa vakuoli. Ndani ya vakuoli muhogo unahifadhi linamarini. Hii ni sukari ya glukosi iliyofungwa pamoja na kipande kidogo chenye sianidi, yaani sumu yenyewe. Ikiwa imefungwa hivyo, haiudhuru mmea. Kimeng'enya cha kuifungua, linamarasi, hakikai humo. Kinakaa kwenye ukuta wa seli. Seli nzima ikiwa salama, viwili hivyo havikutani hata mzizi ukikaa ardhini miaka miwili.

Panya au mdudu akitafuna mzizi, anabomoa utando. Linamarini inamwagika na kukutana na linamarasi. Glukosi inakatwa, inabaki asetoni sianohidrini, nayo inavunjika yenyewe kuwa asetoni na sianidi ya hidrojeni. Hiyo sianidi inachemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hata joto la mchana wa Bukavu linaweza kuifukuza hewani mara inapofunguka. Mmea umeweka mtego dhidi ya walaji, na sisi tukitaka kuula inabidi tuufyatue mtego huo wote kabla ya chakula kufika mdomoni.

Kila njia njema ya kutayarisha muhogo inafanya jambo hilo: kubomoa seli, kuacha kimeng'enya kifanye kazi kikiwa na maji, kisha kufukuza kilichofunguka. Angalia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Majani ya muhogo yana sumu hiyo hiyo, mara nyingi kwa wingi zaidi kuliko nyama ya mzizi, na bado watu wa Kivu wanayala wiki nzima bila kuugua. Siri yake ni kinu. Mchi unaponda jani hadi linakuwa uji wa kijani, seli zinapasuka, linamarini inafunguka papo hapo, na jani lina kimeng'enya kingine kinachoharakisha hatua ya mwisho ambacho mzizi hauna kwa kiasi cha maana. Kisha sombe inachemshwa muda mrefu na mvuke unatoka. Anayechemsha majani mazima bila kuyatwanga vizuri anafanya kosa lile lile la mama wa Bagira, kwa jani badala ya mzizi.

Pipa lilifanya nini, na nini lilikosa kufanya

Mzizi uliolowekwa haupasuki kwa sababu ya maji peke yake. Bakteria wanaingia, wale wa asidi ya laktiki wakitawala, na baadhi ya vijidudu vinatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, ile gundi inayoshikanisha kuta za seli. Mzizi unalainika, utando unapasuka, na linamarasi inafikia linamarini iliyokuwa imefichwa. Sehemu ya sumu inatoka na maji. Kuloweka kukifika mwisho wake, sehemu kubwa mno ya sumu inaondoka, mara nyingi zaidi ya asilimia 90.

Vijidudu hivyo vinafuata joto. Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, ni karibu mita 800 juu ya bahari, na mizizi inalainika kwa siku tatu. Bukavu iko juu ya mita 1,460, na usiku wa kiangazi ni wa baridi. Mizizi ile ile hapa inaweza kutaka siku nne, tano, wakati mwingine zaidi. Mtu aliyejifunza kazi hii kwenye tambarare ya Ruzizi, upande wa Uvira, akihamia huku na kuendelea kuhesabu siku tatu, anaweza kukosea bila kujua. Mama wa kisa chetu alitoa mizizi baada ya saa 36 hivi. Kwa baridi ile, uchachu ulikuwa ndiyo kwanza umeanza.

Kwa hiyo hesabu ya siku tusiitegemee. Mzizi wenyewe unasema. Ubonyeze kwa kidole gumba: uliokuwa tayari unaingia kama parachichi lililoiva, unavunjika bila kisu, na ule uzi mgumu wa katikati unachomoka wenyewe ukiuvuta. Maji yana povu na harufu kali ya uchachu. Mzizi unaodai kisu ili ukatwe unarudi pipani. Alama hii peke yake ingetosha kuiokoa familia hii.

Kiangazi nacho kilichangia. Muhogo uliokosa mvua unaongeza linamarini kwenye mizizi. Mama huyo huyo, kwa mbegu hiyo hiyo ya muhogo, angeweza kuharakisha hivyo mwezi wa kumi na moja na asione kitu, kisha aamini kuwa njia yake ni salama.

Jua na moto havikusaidia

Hapa wengi wanashangaa. Vipande vyembamba juu ya mabati ya moto, mbona sumu haikutoka? Kimeng'enya kinahitaji maji ili kifanye kazi. Jua kali likikausha kipande haraka, maji yanaisha kabla seli hazijavunjika vya kutosha, na linamarini inabaki imekauka pamoja na wanga. Kukausha polepole kunaondoa zaidi kuliko kukausha kwa kasi, ingawa ukungu unaweza kuingia. Anayeponda mizizi iliyolainika kwa mikono kabla ya kuianika anapata faida mara mbili: seli zaidi zinapasuka, na gesi inapata njia ya kutoka.

Moto nao una tabia ya kudanganya. Linamarini inastahimili joto la chungu. Kinachokufa kwa joto ni linamarasi, kwa maana ni protini, na protini ikichemshwa inapoteza umbo lake kama ute wa yai unavyoganda. Unga ukimwagwa kwenye maji yanayochemka na kusongwa kwa dakika chache, kimeng'enya kinakufa kabla hakijamaliza linamarini. Bugali inaiva, inanukia vizuri, na mtego bado umetegwa ndani yake. Ndani ya utumbo wa mtoto kuna bakteria wenye vimeng'enya vya kuufyatua. Ndiyo sababu dalili zilichelewa saa kadhaa baada ya chakula: mwili haukupokea sianidi mezani, ulipokea linamarini, na sianidi ikafunguliwa kidogo kidogo ndani.

Hesabu ya sahani nne

Tuseme unga ule ulikuwa na uwezo wa kutoa miligramu 60 za sianidi kwa kila kilo. Kiwango cha Codex, tume ya FAO na WHO, kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Kiasi cha sianidi kinachoweza kumuua mtu kinatajwa kuwa kati ya miligramu 0.5 na 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili.

Baba ana kilo 62. Bugali yake ilitumia gramu 350 za unga: miligramu 21, yaani 0.34 kwa kilo ya mwili. Mama, kilo 55, gramu 300: miligramu 18, yaani 0.33. Msichana, kilo 28, gramu 220: miligramu 13.2, yaani 0.47. Mvulana, kilo 15, gramu 150 tu: miligramu 9, yaani 0.6.

Mtoto alikula kidogo kuliko wote na amepokea kipimo kikubwa kuliko wote. Majirani waliona mdogo ameanguka na baba amesimama, wakasema aliyelengwa ni mtoto. Mizani inaeleza bila adui yeyote. Si sianidi yote iliyo kwenye hesabu inayofunguliwa, kwa kuwa linamarini nyingine inapita hadi kwenye mkojo ikiwa nzima, na hiyo ni sehemu ya sababu mtoto huyu hakufa. Kasese, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, mwezi wa tisa 2017, watu 98 waliugua baada ya kula unga wa muhogo uliokutwa na wastani wa miligramu 88 kwa kilo. Wawili walikufa.

Oksijeni ipo, seli haiwezi kuitumia

Kituoni muuguzi anaweka kipimo cha oksijeni kwenye kidole cha mtoto. Kinasoma 98. Midomo si ya buluu. Mtoto anahema haraka na kwa nguvu, kama aliyekimbia. Muuguzi asiyejua sianidi anaweza kuandika kuwa mapafu ni mazima na kumrudisha nyumbani. Mapafu ni mazima kweli. Tatizo liko mbele zaidi, ndani ya mitokondria.

Mitokondria ndiko seli inakochomea glukosi. Elektroni zinapokezanwa kwenye utando wake wa ndani hadi protini ya mwisho, sitokromu oksidasi, ambayo inazikabidhi kwa oksijeni na maji yanatokea. Protini hiyo ina chembe ya chuma, na sianidi inakaa pale pale kwenye chuma ambapo oksijeni ingekaa. Mlolongo wote nyuma yake unasimama. Glukosi moja iliyochomwa kwa oksijeni inaipa seli molekuli 30 hivi za ATP, zile zinazobeba nishati yake. Bila hatua hiyo ya mwisho zinabaki 2, na seli inatoa asidi ya laktiki. Mtoto anahema kwa nguvu kwa sababu mwili unajaribu kupunguza asidi hiyo. Damu inarudi kutoka kwenye misuli ikiwa bado na oksijeni yake, hivyo ukimtoa damu ya mshipa wa vena utaiona nyekundu inayong'aa, si ile nyeusi nyeusi ya kawaida. Ubongo hauna akiba ya nishati ya kungojea, ndiyo maana kichwa na kizunguzungu vinatangulia.

Kituoni mtoto anapewa oksijeni hata kama kipimo kinasoma vizuri, anawekewa serumu yenye glukosi, analazwa ubavu ili akitapika asivute matapishi, na anaangaliwa saa zote. Kati ya dawa zilizopo tunataja mbili, na zote zinafuata kemia ile ile. Ya kwanza, haidroksokobalamini, ni vitamini B12 yenye kobalti inayoinasa sianidi na kutoka nayo kwenye mkojo. Kipimo chake ni miligramu 70 kwa kilo ya mwili, karibu gramu moja kwa mtoto huyu. Ampuli za B12 zinazouzwa kwenye famasia kwa wagonjwa wa damu mara nyingi zina miligramu 1, kwa hiyo zingehitajika elfu moja, na asitokee mtu kudhani sindano mbili za B12 zimetibu sumu hii. Ya pili ni thiosalfati ya sodiamu, inayoleta salfa ambayo mwili unaitumia kuizima sianidi, kama tutakavyoona. Kituo kisicho na dawa hizo kisipoteze muda: kinampa oksijeni na kumpeleka hospitali kubwa.

Maziwa, mafuta ya mawese na maji ya sabuni, vitu ambavyo watu humwagia mdomoni anayedhaniwa amelishwa sumu, havigusi mitokondria hata kidogo. Vinaweza kuingia kwenye mapafu ya mtoto aliyelegea na kumuua kwa njia nyingine.

Sambaza zilizokosekana

Mwili una njia yake ya kujitetea. Kimeng'enya kinachoitwa rodanesi, kilicho kwa wingi kwenye mitokondria za ini, kinaipachika sianidi chembe ya salfa na kuigeuza thiosianeti, ambayo ina sumu ndogo zaidi na inatoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye chakula. Kati ya asidi amino 20 zinazojenga protini zetu, mbili tu zina salfa: methionini na sisteini. Unga wa muhogo una protini asilimia 1 hadi 2 tu, na hizo mbili zimo kwa uchache sana. Mtu anayekula bugali kwa lengalenga peke yake anapokea sumu na hapokei salfa ya kuizimia. Samaki, mayai na nyama vinazo kwa wingi. Maharage yana kiasi kidogo, lakini ni bora kuliko kukosa. Konzi moja ya sambaza kavu kwenye mboga ni chakula na ni kinga.

Usiku mmoja mbaya unaweza kupita. Kinachotutia hofu zaidi ni unga wa miligramu 40 au 50 unaoliwa kila siku kwa wiki nyingi bila samaki, bila mtu kutapika. Huko ndiko konzo inakotokea: miguu yote miwili inakakamaa ghafla, ndani ya siku chache, kwa mtoto au mama aliyekuwa mzima, na haipoi. Jina ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliueleza ugonjwa huo Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, mwaka 1938. Kivu Kusini nayo imekwisha kuupata: wagonjwa wameonekana Burhinyi, kwenye teritwari ya Mwenga. Thiosianeti nayo ikizidi inazuia tezi ya shingo kuchukua madini ya iodini. Delange na Ermans waliufuatilia uhusiano huo wa muhogo na rovu kwenye kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, na kazi yao ilichapishwa 1971.

Kilo nane zilizobaki

Mtoto ameamka Jumapili asubuhi, anaomba chai. Nyumbani kuna kilo nane za ule unga, na hakuna pesa za kununua mwingine. Kuutupa ni njaa. Kuuza kwa jirani ni kuhamisha mtoto mgonjwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Kuna njia, nayo inategemea linamarasi iliyosalia ndani ya unga. Unga ulikaushwa kwa jua, haukuchemshwa, kwa hiyo kimeng'enya kimelala tu na maji yanakiamsha. Mama anamimina unga wa siku hiyo kwenye beseni, anausawazisha na kuweka alama kwa ndani ulipofika. Anatia maji kidogo kidogo huku akichanganya. Mwanzoni unga unashuka chini ya alama, kisha ukizidi kulowa unapanda tena. Ukifika kwenye alama, maji yanatosha. Ukiuminya unashikana, lakini hautoi maji. Anautandaza kwenye mkeka au turubai safi, unene usiofika sentimita moja: saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Mtu anayeutandaza kwa unene wa vidole vitatu kwa sababu mkeka ni mdogo anafungia gesi ndani, na kazi yake inakuwa bure. Sumu inapungua hadi theluthi moja, wakati mwingine hadi sehemu moja ya sita. Wanawake wa kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka huko magharibi mwa Kongo, walianza kuitumia njia hii 2010, na konzo mpya haikuonekana tena kijijini kwao katika kipindi cha ufuatiliaji.

Unga wa miligramu 60 ukipitishwa mara moja unaweza kubaki na 10 hadi 20. Kwa nyumba hii tungeshauri ulowanishwe mara mbili, mara ya pili kwa kunyunyizia na kutandaza upya, na mtoto asipewe bugali hiyo wiki ya kwanza. Apikiwe viazi vitamu au ndizi. Anayeweza kupata karatasi ya pikreti, inayobadilika rangi ikikutana na sianidi, apime: miligramu 100 za unga na maji kidogo kwenye kichupa kilichofungwa pamoja na karatasi ya njano, usiku na mchana mzima. Karatasi ikibaki njano, unga ni mzuri. Ikielekea rangi ya machungwa au kahawia, unarudi kwenye mkeka.

Unga uliolowanishwa upikwe siku hiyo hiyo, kwani ukilala unaota ukungu. Watoto wasicheze karibu na mkeka wakati unapoanza kutoa harufu, na usitandazwe ndani ya chumba cha kulala.